Majani yale yale, mpishi mimi mwenyewe: mbona chai ya Limuru haitoki vile vile Kisauni?

#1 Mama Nuru
Salaam jamani. Nina swali, nalitupa hapa kwa wanaojua chai kikweli. Likizo ya Disemba tuliwapandisha watoto bara, safari ya siku moja tu, treni ya usiku kwenda na ya usiku kurudi, mchana wote tukawa Limuru, kupita Nairobi kidogo, kwa dadake mume wangu aliyeolewa huko. Kulipopambazuka sawasawa tukatoka kwa miguu, tukaingia vijia vya katikati ya michai, umande ukatulowesha mpaka kiunoni, tukateremka bondeni kwenye kijito, tukapanda upande wa pili tukihema, kisha tukapita kimsitu cha miti ya asili watoto wakaona mbega wale weusi na weupe wanaruka juu ya vichwa vyetu, yule mdogo alipiga ukelele huo. Saa saba ndo twarudi nyumbani kwa wenyeji tukapewa chai ya maziwa. Wallahi chai ile sijapata kuinywa. Nzito, imeiva, harufu waisikia kabla hujashika kikombe, na haina iliki haina tangawizi. Nikaomba majani nikafungiwa, yale yale yaliyopikiwa. Kurudi Kisauni, hapa Mombasa, nikapika siku ile ile. Imetoka chai tu. Imefifia, na juu ina utando. Sasa mniambie, mbona?

#2 baharia_mtongwe
Maji. Hakuna lingine, uzi ufungwe 😂 Kisauni mwapikia maji ya kisima yenye chumvi alafu mwalaumu majani.

#3 Mama Nuru
@baharia_mtongwe ya kisima ni ya kuoshea vyombo na kufulia. Chai napikia ya bomba, yakikosekana nanunua ya mkokoteni, na muuzaji yule nshamzoea, maji yake si ya chumvi.

#4 baharia_mtongwe
Si lazima yawe na chumvi uionje kwa ulimi mama. Maji yetu mengi yatoka ardhini, chemchemi na visima vya Mzima, Tiwi, Baricho, yamepita kwenye mawe yakabeba madini. Angalia birika lako la umeme ndani, ule ukoko mweupe ndo wenyewe. Utando juu ya chai huletwa na hayo hayo, chokaa ya maji ikikutana na chai. Huko Limuru wanakunywa nini? Mvua na vijito vya mlimani.

#5 Chaki_Nyeupe
Maji sawa lakini mwasahau urefu kutoka usawa wa bahari. Limuru iko juu ya mita 2,000, hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo maji huanza kuchemka kwenye nyuzi kama 93 hivi. Hapa Mombasa ni 100 kamili. Zile nyuzi saba si kitu kidogo, moto mkali zaidi hukamua uchungu wa majani. Mama Nuru kule alikunywa chai iliyopikwa kwa moto wa chini bila yeye kujua. Hapa ajaribu kupunguza moto, atie majani maji yakishatulia kidogo, asiyaache yatokote.

#6 MtuWaTigoni
Habari zenu wa Mombasa. Mimi nimezaliwa huku kwa majani chai na hiyo theory ya mwalimu sikubaliani nayo. Hakuna mtu huku anatia majani kwa maji yaliyotulia, sisi tunachemsha maji, majani na maziwa pamoja, inapanda unapunguza, inapanda tena unapunguza, mpaka mama aseme imeiva. Kama nyuzi ni kidogo basi dakika ni nyingi. Siri ni maziwa. Ng'ombe amekamuliwa asubuhi, maziwa hayajaona friji wala pakiti, na huku tunaweka nusu kwa nusu, wengine maziwa yanazidi maji. Nyinyi huko mnatia maziwa ya kubadilisha rangi tu.

#7 Mama Nuru
Ati ya kubadilisha rangi? Njoo Kisauni nikupikie 😄

#8 Godauni_Shimanzi
Nimefanya kazi na chai miaka mingi, kuipokea, kuipanga na kuipakia, kwa hivyo niruhusuni. Chai iliyokaushwa vizuri hutoka kiwandani na unyevu wa asilimia 3 hivi, na kazi yake ya kwanza ikikutana na hewa ni kufyonza. Hewa ya Mombasa mwaijua, chumvi yenyewe kwa mkebe yashikana. Ndo sababu mizigo huja kwenye magunia ya karatasi ya tabaka tabaka na ndani yana foili, gunia likipasuka hulali nalo, washughulikia hapo hapo. Na yafyonza harufu pia, ukiweka karibu na sabuni au samaki imekwisha. Mama Nuru ulifungiwa kwa nini na ukaiweka wapi?

#9 Mama Nuru
Kwenye karatasi, kisha mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba. Lakini nilipika siku ile ile niliyoshuka stesheni ya Miritini, hata mchana haujafika.

#10 Godauni_Shimanzi
Usiku mzima kwenye mkoba na karatasi. Na kwenye mkoba kulikuwa na nini kingine?

#11 Mama Nuru
Nguo zenye umande, na vitunguu nilivyonunua kule. Lakini chai haikunuka kitunguu!

#12 Bibi wa Kuze
Wanangu mwazunguka mbali. Njaa na baridi. Umetembea tangu alfajiri, nguo zimelowa, tumbo halina kitu, ukapewa kikombe cha moto, hata maji ya ukwaju ungeyasifu. Kisauni umepika umekaa kwenye joto, jasho lakutoka, waitaka wapi ladha? Lakini huyo wa maji simkatai. Sisi zamani Mji wa Kale nyumba zilikuwa na birika, yaani tangi, la maji ya mvua, na mamangu chai ya wageni hakuipika kwa maji mengine ila hayo. Chai yake ilikuwa safi, haina utando kabisa.

#13 Chaki_Nyeupe
Shikamoo Bibi. Maji ya mvua hayana madini, hapo baharia kapata goli.

#14 baharia_mtongwe
Asante Bibi, marahaba zako nazichukua mimi 😂

#15 Kijana_Bamburi
Samahani kwa kukata mazungumzo, mimi nataka hiyo safari yenyewe. Nina watoto wawili na mke, siku moja yatosha kweli? Na gharama?

#16 Mama Nuru
@Kijana_Bamburi yatosha mkipanga. Treni ya saa nne usiku kutoka Miritini yafika Syokimau, stesheni ya Nairobi, kabla ya alfajiri, ile ya kurudi pia ni saa nne usiku. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima tangu walipopandisha Januari 2024, watoto wadogo nusu. Ukifika Syokimau kuna treni ya kukupeleka mjini, kisha matatu za Limuru ziko tele, mwendo si mrefu ila foleni ya Waiyaki Way usiidharau ukirudi jioni. Kata tiketi mapema, wakati wa likizo hujaa. Viatu vya soli yenye meno, udongo ule mwekundu ukilowa wateleza vibaya, nguo za kubadilisha kwa kila mtu, na sweta hata kama Mombasa watakucheka ukipanda nayo treni.

#17 MtuWaTigoni
Naongeza. Usije Julai ukitarajia jua, kuanzia Juni mpaka Agosti ni ukungu na manyunyu siku nzima na watoto wa pwani wanalia. Disemba mwishoni na Januari na Februari ndio poa. Na jambo lingine muhimu sana: mashamba ni ya watu. Vile vijia vya katikati ya majani vinaonekana kama njia ya umma lakini ni vya kuchunia, ukikanyaga kichaka umekanyaga pesa ya mtu. Omba ruhusa, au uende na mwenyeji kama Mama Nuru. Ukikosa mwenyeji kuna shamba la Kiambethu hapa Tigoni, upande wa Limuru, lazima upige simu kwanza, wanakueleza habari za chai, unatembezwa msitu, unakula chakula cha mchana.

#18 Kijana_Bamburi
Shukran. Na watoto hawachoki?

#19 Mama Nuru
Wa kwangu wa kiume alilalamika kichwa mlima wa pili ule, pumzi ikamkatika, na huyu ni mtoto wa kucheza mpira ufuoni mpaka magharibi.

#20 Chaki_Nyeupe
Hewa nyepesi hiyo! Mmetoka usawa wa bahari mkalala kwenye treni mkaamka mita 2,000 na zaidi, mwili haujazoea. Watu wengi hawaumwi kwa urefu ule lakini kupanda mlima watauhisi.

#21 Bibi wa Kuze
Au hakulala. Mtoto gani alala kwenye treni?

#22 MtuWaTigoni
Au hakunywa maji. Watu wa pwani wakisikia baridi wanadhani kiu haipo. Mpe maji na sukari kidogo, kichwa kinaisha.

#23 Mama Nuru
Alipokunywa chai kikaisha, kwa hivyo sijui niseme ni nani kapata kati yenu. Lakini niwaambie kitu walichokipenda kuliko mbega. Mwenyeji wetu alituonyesha kuchuna. Mchunaji ana kikapu mgongoni, kiunoni kafunga nailoni asilowe, na fimbo ndefu nyembamba ailaza juu ya vichaka, kilichochomoza juu ya fimbo ndo huchunwa, majani mawili na chipukizi lake, chini ya fimbo hapaguswi ili shamba libaki sawa sawa. Nuru akachuna na shina gumu, mama wa watu akalitoa kwenye kikapu kimya kimya, akamshika vidole akamwonyesha pa kuvunja, palipo laini panapokatika bila kuvuta. Alipopatia mara ya kwanza akaja mbio kunionyesha. Hajaacha kulieleza mpaka leo.

#24 Godauni_Shimanzi
Hapo umenigusa. Kilo moja ya chai kavu yataka karibu kilo nne na nusu za majani mabichi, na lazima yafike kiwandani siku ile ile kabla hayajachacha. Mimi gunia nikilibeba nilikuwa naona herufi za madaraja ya chai tu, PF1, BP1, D1. Chai nyingi ya Afrika Mashariki yauzwa hapa hapa Mombasa, mnada uko hapa tangu 1969, yaja ya Kenya, ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, mpaka Malawi. Na watoto wetu wa Changamwe wanaopita nje ya magodauni kila siku wakinusa hiyo harufu, mchai wenyewe hawajauona. Nasema kila mzazi wa hapa anayeweza aende. Huu ni mji wa chai, si wa meli na madafu peke yake.

#25 KerichoDamu
Lakini jameni, mmeenda Limuru mkasema mmeona chai? 😂 Chai ni Kericho. Unasimama mahali kijani kinaenda mpaka macho yanachoka. Chai ya Kenya ilianzia kwetu 1924.

#26 MtuWaTigoni
Hapana bwana, soma vizuri. Mche wa kwanza ulipandwa hapa Limuru 1903, aliuleta Mzungu mmoja, Caine, kutoka India. 1924 ni ile mikampuni mikubwa ilipoanza Kericho. Shamba kubwa ni lenu, uzee ni wetu.

#27 KerichoDamu
Sawa nakubali uzee 😂 lakini mvua ya mawe je? Hiyo hakuna anayetushinda. Kuna mwaka, 1965, zilihesabiwa siku 132 za mvua ya mawe upande wetu.

#28 Kijana_Bamburi
132?? Kwa nini?

#29 KerichoDamu
Hapo ndio shida, kila mtu ana lake. Kuna wanaosema ni upepo wa Ziwa Victoria unakuja kugonga miinuko ya Nandi na Kericho, hewa yenye maji inasukumwa juu mpaka inaganda. Kuna watafiti waliosema ni majani chai yenyewe, vumbi la majani yaliyooza chini linapanda na hewa wachunaji wakipita, na hilo vumbi ndilo barafu inashika kwanza. Mzee wangu anasema zote mbili ni uongo, ni misitu ilikatwa.

#30 Bibi wa Kuze
Mungu ndiye ajuaye.

#31 Mpiga_Makasia_Shimoni
Nawaona mwazozana Limuru na Kericho, nyote mko mbali na Mombasa. Chai ya karibu nasi iko milima ya Usambara, Tanzania. Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Muheza, kisha wapanda Amani. Njia ya mwisho ni ya kona na vumbi lakini ukifika ni msitu wa ajabu, bustani ya miti ya Wajerumani ya tangu 1902, na mashamba ya chai katikati ya msitu. Twaenda na familia kwa sababu mke wangu ana ndugu Muheza. Siku moja ni kujikaza lakini ukilala Tanga waenda na kurudi mchana bila haraka.

#32 Mama Nuru
Karatasi za mpakani?

#33 Mpiga_Makasia_Shimoni
Pasipoti au ile hati ya muda ya safari, na kadi ya homa ya manjano wakiuliza. Watoto pia wawe na zao, usiende ukitegemea huruma. Sasa nilichotaka kusema kwa @Chaki_Nyeupe ni hivi: Amani pale penye chai ni kama mita 900 tu, na chai niliyopewa kule ilikuwa tamu vile vile anavyosema Mama Nuru. Nikarudi nayo Shimoni ikafifia vile vile. Sasa hizo nyuzi zako zikoje?

#34 Chaki_Nyeupe
Mita 900 maji yachemka kama 97. Bado ni chini ya hapa.

#35 Mpiga_Makasia_Shimoni
Nyuzi tatu zibadilishe chai yote? Mwalimu usinifanyie hivyo.

#36 Chaki_Nyeupe
Basi na maji yake ni ya mlimani. Sikusema ni sababu moja.

#37 baharia_mtongwe
Juu hapo ulisema "mwasahau urefu" kana kwamba maji si kitu 😂 Mimi nimefanya vitendo jamani. Jana nimenunua maji ya chupa, nikapika sufuria mbili, moja ya bomba moja ya chupa, majani mamoja, maziwa mamoja, dakika zile zile. Bila maziwa kwanza, chai ya rangi: ya chupa imetoka nyekundu inang'aa waona chini ya kikombe, ya bomba imekuwa ya giza na utando juu ukipasuka ukitikisa. Tofauti mchana kweupe. Nikatia maziwa. Mke wangu nikamziba macho akaonja zote mbili akasema ni moja. Mamangu akasema ya bomba ni tamu zaidi.

#38 MtuWaTigoni
Si nilisema! Maziwa yanafunika kila kitu. Tafuta maziwa ya maana.

#39 Mama Nuru
@MtuWaTigoni hilo nimelijaribu. Kuna mzee afuga ng'ombe huku nyuma Kiembeni, nimechukua maziwa saa kumi na mbili asubuhi yana joto la ng'ombe. Nikapika kwa maji ya chupa kama alivyofanya baharia, nusu kwa nusu ulivyosema, ikipanda napunguza. Chai ilikuwa nzuri, sikatai, nzuri kuliko ya kila siku. Lakini si ile.

#40 MtuWaTigoni
Ng'ombe wako anakula nini?

#41 Mama Nuru
Majani ya kando ya barabara na pumba za mahindi.

#42 MtuWaTigoni
Wetu wanakula matete na lusina, lile jani la malisho, na hali ya hewa ni ya baridi, maziwa yana mafuta yake. Hata mimi nikija Mombasa chai ya hoteli siwezi.

#43 Godauni_Shimanzi
Na majani yako yashakaa wiki kadhaa sasa mama, hata ukipata ng'ombe wa peponi. Chai hii ukitaka kuipima haki lazima majani yafungwe kule kule kwenye foili isiyopitisha hewa, yafunguliwe hapa mara moja na kupikwa. Vinginevyo wapima vitu viwili kwa pamoja.

#44 Bibi wa Kuze
Na njaa je? Mtaipima vipi?

#45 Chaki_Nyeupe
Bibi ana haki. Mnywaji lazima awe ametembea kule na ametembea huku.

#46 baharia_mtongwe
Atembee wapi huku? Nyali mpaka Mtwapa saa saba mchana? Atazirai hata chai haijachemka.

#47 Kijana_Bamburi
Mimi nimeshakata tiketi, twaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, mke na watoto. Kama kuna kitu mwataka nifanye kule nifanye, niko radhi.

#48 Mama Nuru
Mashallah, safari njema. Basi niletee majani yaliyofungwa vile alivyosema Godauni, nakutumia pesa leo.

#49 baharia_mtongwe
Mimi nataka uteremke na lita tano za maji ya Limuru. Nitakuja kukupokea Miritini mwenyewe.

#50 MtuWaTigoni
Fanya kinyume chake pia. Panda na maji ya bomba ya Kisauni, upike hapa kwetu, maziwa yetu, jiko letu, baridi yetu. Ikitoka na utando nitanyamaza mwezi mzima. Ukifika stendi ya Limuru nitumie ujumbe humu ndani, nitakuonyesha njia ya kuteremka bondeni isiyo na utelezi.

#51 Chaki_Nyeupe
Nina kipimajoto cha maabara, nakuletea Bamburi Jumatano. Kitie ndani ya sufuria maji yakichemka na uandike namba, usikisie.

#52 Kijana_Bamburi
Sawa. Sasa nabeba maji ya Kisauni kwenda, maji ya Limuru kurudi, kipimajoto, na watoto wawili. Lusina na ng'ombe mtatuma nani?

#53 Mpiga_Makasia_Shimoni
Ukirudi bila jibu tutakupeleka Amani.